Maziwa yanamkataa? Usimpikie sufuria yake peke yake

Dada yako akinywa chai ya maziwa, tumbo linamnguruma usiku kucha. Nyumbani wanasema anaringa. Haringi. Watu wazima wengi miili yao haiwezi kusaga vizuri laktosi, yaani sukari iliyo kwenye maziwa.

Lakini usimtengee sufuria kama mgonjwa. Badilisha ya wote. Pika strungi na tangawizi, kila mtu ajitilie maziwa kikombeni. Managu na kunde? Badala ya maziwa, tia tui la nazi. Unga wa chapo ukande kwa maji vuguvugu, zitakuwa laini tu.

Mala nayo huwasumbua wengi kidogo kuliko maziwa, kwani bakteria wanaoigandisha hula sehemu ya laktosi. Aanze na nusu kikombe, asikie mwili unasemaje.

Ila akivimba midomo au pumzi zikimkatika, usiseme ni tumbo. Huo ni mzio, na unaweza kuua. Mkimbize hospitali sasa hivi. Baadaye asionjeshwe tena hata kijiko, hata kama ni shosho ndiye amepika.