Nauli ya mwendokasi haijengi barabara

Kila nauli inapoguswa, na kila mstari wa abiria unapomwagika nje ya kituo cha mwendokasi cha Kimara, Dar es Salaam, swali huwa lile lile: mabasi yanajaa mpaka milango inagoma kufunga, sasa hela zote hizo zinakwenda wapi, na kwa nini zisijenge njia nyingine? Linaulizwa vijiweni, linaulizwa redioni. Limechosha.

Basi na lipigiwe hesabu. Tuseme njia ya Kimara hadi Kivukoni, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016, inapakia watu 200,000 kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Tuseme kila mmoja analipa shilingi 650, nauli ya njia kuu ya wakati ule, bila mwanafunzi wa nusu nauli wala mjanja wa kupita bure. Zinapatikana shilingi milioni 130 kwa siku, karibu bilioni 47.5 kwa mwaka. Ni hela nyingi, mpaka ziwekwe kando ya bei ya barabara. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 425 kwa usafiri wa Dar es Salaam, zikiwemo za njia za mwendokasi za awamu ya tatu na ya nne na za makutano ya Ubungo. Kwa dola ya shilingi 2,500, hiyo ni trilioni moja na ushee. Makusanyo yote ya Kimara yangechukua zaidi ya miaka 22 kuirudisha, riba ikiwa bado haijaguswa, na kwa miaka yote hiyo basi lisinywe mafuta, dereva asilipwe mshahara, tairi lisiishe na kioo kisipasuke.

Na hapo muulizaji amependelewa.

Wapo watakaosema shida ni wizi wa tiketi. Uzibwe, tena haraka, lakini hesabu ya hapo juu tayari haina mwizi. Wengine wana dawa yao wanayoiita mwekezaji: aje mtu binafsi ajenge kila kitu, serikali isitoe hata senti. Mwekezaji hukubali kununua mabasi kwa sababu basi linaweza kurudisha fedha yake likiwa bado linatembea. Bogotá, mji ambao wapangaji wa mabasi ya haraka duniani huutolea mfano, ilianza hivyo mwaka 2000: kampuni binafsi zilinunua mabasi na kulipwa kutokana na nauli, ila njia na vituo vya mfumo huo, TransMilenio, vikajengwa kwa fedha za umma, sehemu kubwa ikitokana na tozo ya petroli. Njia ya zege haina mnunuzi. Atakayeijenga atadai chake, na wa kudaiwa ni abiria au hazina.

Au yule wa tatu asiyetajwa: mwenye kiwanja.

Hong Kong husifiwa kwamba treni zake zinajilipa. Zinajilipa kwa majengo. Shirika la MTR hupewa haki ya kujenga juu na kando ya vituo kwa bei ya ardhi ya kabla ya reli, kisha hugawana na wajenzi faida ya bei ya baada ya reli. London nayo, tangu 2010, inatoza nyongeza ya kodi kwa majengo makubwa ya biashara ili kuchangia njia ya reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa 2022. Dar es Salaam je? Kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU tangu 2021. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, iwe hatua chache kutoka kituo cha Morocco au kule Chanika, pembezoni mwa jiji. Kituo kinapandisha thamani ya kiwanja, ila risiti ya umeme haina habari.

Njia nyingine za kupata fedha zipo, na nchi imeshazijaribu kwingine. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya mafuta kwa ajili ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Reli ina tozo yake, iliyoanza 2015 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa. Mamlaka ya maji Tanga iliuza hatifungani mwaka 2024 ikapata zaidi ya ilichoomba, ingawa hatifungani ni deni, na Tanga ina bili za maji za kulilipia. Na fedha ikipatikana isizamishwe: karakana ya mwendokasi ya Jangwani iliwekwa kwenye bonde la Msimbazi linalofurika, na sasa mradi wa bonde hilo, wenye mkopo wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022, unabeba pia gharama ya kuihamisha.

Kwa sasa mikopo inalipwa na hazina, yaani hata na mkulima wa Kasulu ambaye hajawahi kupanda mwendokasi. Bajeti husomwa kila Juni. Mwenye swali la nauli amuulize mbunge wake kwa nini nyumba ya Morocco na ya Chanika zinatozwa sawa.