Betri ya lori: Usiichaji mahali unapolala

Dereva anayelala ndani ya lori lake kando ya barabara ya Eldoret-Kitale, hapa Soy, huitegemea betri kwa taa, redio na simu usiku kucha. Alfajiri injini hukataa kuwaka. Baridi ya nyanda hizi za juu huipunguzia betri nguvu, lakini kosa kubwa huwa ni kuitumia hadi chaji ikaisha.

Malori mengi makubwa hubeba betri mbili za volti 12. Pima kila moja peke yake. Iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.7; ikishuka hadi 12.2 imebakiwa na nusu, na ni heri kukomea hapo. Ikiachwa siku nyingi bila chaji, chumvi ngumu huganda kwenye bamba zake za risasi na kuiua.

Hatari zaidi ni wakati wa kuichaji. Betri hutoa haidrojeni, gesi isiyo na harufu inayolipuka kwa cheche ndogo tu. Kwa hivyo ichaji penye hewa, mbali na jiko, sigara na kitanda. Zima chaja kabla ya kugusa nyaya zake. Unapoitoa betri kwenye lori, anza na waya wa hasi ili spana isizue cheche. Unapoirudisha, waya huo uwe wa mwisho.

Maji yakipungua, ongeza maji maalumu ya betri, si ya kisima wala asidi. Asidi ikikurukia, jioshe kwa maji mengi na kukimbilia hospitali. Betri hununuliwa, macho hayauzwi.