Dhamana za hazina si noti dirishani

Juni 7, 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi (BRB) ilitangaza kuondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, ikawapa wananchi siku 10 kuzibadilisha. Mfanyabiashara wa soko la Ruvumera, pale Buyenzi jijini Bujumbura, hulipia mchele na mafuta kwa noti mkononi. Tangazo hilo lilimlazimu kubeba mtaji wake wote hadi benki, kisha atumaini kuupata tena siku ya kununua mzigo.

Kanuni ya ukwasi ipo kwa ajili ya siku kama hizo. Baada ya msukosuko wa fedha duniani wa 2008, Kamati ya Basel ya usimamizi wa benki ilitaka benki ziwe na mali inayogeuka fedha haraka, ya kutosha kuwalipa wateja kwa siku 30 za dhiki. BRB nayo huzipima benki zake kwa kipimo hicho, faranga mbali na fedha za kigeni mbali.

Kwa faranga, hesabu hutoka nzuri. Tatizo ni kilichomo ndani yake. Benki za Bujumbura zimejaza vitabu vyao dhamana za hazina, na kanuni inazihesabu kuwa mali ya ukwasi. Lakini zikitakiwa kuuzwa, nani atanunua? Wanunuzi wakubwa ni benki zilezile, na zote zikibanwa siku moja, mlango unaobaki ni wa BRB. Kwa hiyo uthabiti wa benki umefungamana na uwezo wa serikali kulipa madeni yake, na mkulima wa kahawa anayehitaji mkopo anashindania fedha hizohizo na hazina.

Kwenye dola hali ni nzito zaidi, maana BRB haiwezi kuzichapa. Baada ya mgogoro wa kisiasa wa Burundi wa 2015, Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali mwaka 2016, na dola zikaadimika. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani: bei rasmi ya dola ikapanda kutoka faranga elfu mbili na kidogo hadi zaidi ya 2,800. Benki inayodaiwa dola na wateja wake haiwezi kujiokoa kwa rundo la dhamana za faranga.

Jirani zetu Wakenya walionja hatari ya wateja kudai fedha zao kwa pamoja Aprili 2016. Wateja wa Chase Bank walikimbilia amana zao, na katika siku chache benki ikawekwa chini ya mrasimu. Uvumi hausubiri ripoti ya mwisho wa mwezi.

Kanuni hii ni njema na isilegezwe. Ila BRB ipunguze uzito wa dhamana za serikali katika hesabu, na itangaze kila robo mwaka ukwasi wa dola wa kila benki. Mwenye amana ana haki ya kujua.