Mpenzi Asiyetajwa Jinsia: Nyimbo za Mapenzi katika Sikio la Msikilizaji Shoga

Swali la kwanza tunalofundishwa kuuliza tunapohakiki shairi la Kiswahili ni hili: nani anayesema, na anamwambia nani? Pande hizo mbili tumezipa majina, nafsineni na nafsinenewa, na kila aliyeketia mtihani wa kidato cha nne anajua kwamba kuzitambulisha ni njia rahisi ya kujipatia alama. Ikiwa shairi au wimbo ni wa mapenzi, jibu hutolewa upesi: nafsineni ni mwanamume anayemlilia mwanamke aliyemteka moyo. Azma ya makala haya ni kuonyesha kwamba sehemu ya pili ya jibu hilo aghalabu haimo katika matini. Imeletwa na msomaji. Na kama msomaji ana uhuru wa kuileta, basi yapo masikio yanayoleta jambo jingine. Sikio ninalolizungumzia hapa ni la mwanamume anayependa wanaume.

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo iliyoufungua mlango. Nomino za watu katika Kiswahili huingia katika ngeli ya A-WA, na ngeli hiyo haibagui mume na mke. Anayekuja anakuja, ninayemngoja ninamngoja. Kiambishi -m- hakisemi aliyengojwa ni nani. Maneno tunayomwitia mpendwa nayo hayasemi: mpenzi, mwandani, nyonda, laazizi, mahabubu. Hata tulipokopa tulikopa kwa namna hiyo. Katika nyimbo nyingi za Kiarabu mwanamume humwita mwanamke anayempenda kwa umbo la kiume, habibi, na neno hilo liliposhuka pwani yetu lilishuka likiwa tayari limezoea kutojali jinsia.

Jazanda huongeza pazia la pili. Mshairi wa pwani aghalabu hamwiti mpendwa wake mtu. Humwita ua, lulu, pete, jahazi. Papo hapo mpendwa huhama ngeli ya A-WA kabisa: ua limechanua, lulu imepotea, jahazi limetia nanga kwingine. Tumezoea kuieleza tabia hii kwa kusema kwamba mshairi anatunza heshima ya bibi fulani asitajwe barazani. Maelezo hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Pazia halijui linamsitiri nani.

Thamani ya jambo hili huonekana tunapolinganisha na lugha isiyo na bahati hiyo. Mnamo Julai 2012, mwimbaji wa Marekani Frank Ocean alichapisha barua akieleza kwamba penzi lake la kwanza lilikuwa kwa mwanamume. Mwezi huohuo albamu yake, channel ORANGE, ilitoka, na katika wimbo mmojawapo, "Bad Religion", mpendwa anatajwa kwa kiwakilishi cha kiume. Kiwakilishi! Neno dogo kabisa la sarufi, ambalo katika lugha yetu lisingemfanya hata mlinzi wa mlangoni ageuze shingo, liligeuka kuwa habari ya magazeti. Waimbaji wa Kiingereza waliomtangulia, kwa miaka mingi, walilazimika kukimbilia nafsi ya pili ili wasijifichue. Mswahili hahitaji kukimbia. Amesitirika kabla hajafungua kinywa.

Wapenzi wa nadharia watasema kwamba ninaelekea kwenye nadharia ya upokezi, na hawatakosea. Wolfgang Iser alitufundisha kwamba matini huwa na mapengo na kwamba msomaji ndiye anayeyajaza. Hata hivyo, sioni sababu ya kusafiri hadi Ujerumani kutafuta hoja ambayo imekaa nasi arusini. Katika taarabu kuna desturi ya kutuza. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti fulani, msikilizaji huinuka, hujongea mbele kwa madaha akiwa na noti mkononi, humtuza, kisha hurudi kuketi. Ukumbi mzima unajua kwamba aliyeinuka ameutwaa ubeti ule na kuufanya wake: anamjibu mke mwenzake, anamsuta jirani, anamtumia salamu aliye mbali. Hakuna anayemkabili na kumwambia kwamba mtunzi hakumkusudia huyo mke mwenzake. Mtunzi pengine amekwisha kufariki. Maana ya ubeti usiku ule ni ya aliyeutuza.

Kwa hiyo mwenye shaka asije akanishtaki kwamba ninawasingizia watunzi. Sidai kwamba fulani au fulani aliandika kwa siri juu ya wanaume. Ninachodai ni haki ya kuinuka na noti yangu.

Naam, yangu. Msikilizaji ninayemzungumzia si wa kubuni, na sina haja ya kumtafuta nyanjani kwa hojaji. Ni mimi. Nimelitumia neno shoga katika anwani kwa makusudi, japo najua linavyochoma. Ni neno lenye maisha mawili: wanawake wa pwani huitana kwalo kwa mapenzi ya urafiki, na wanaume hurushiwa kama jiwe. Maneno mengine yaliyopo, kama vile hanithi na msenge, hayana hata hayo maisha ya kwanza. Kati ya matusi yaliyopo nimechagua lile ambalo bado lina harufu ya udi.

Wimbo wa kwanza ninaotaka kuutuza ni "Malaika". Umiliki wake umebishaniwa kwa muda mrefu, lakini aliyeueneza kwa rekodi ni Fadhili William, na baada yake ukaimbwa na Miriam Makeba, kundi la Boney M. na Angélique Kidjo. Kisa chake kinajulikana: nafsineni anampenda malaika wake ila hana mali ya kumwoa. Hapa ndipo Kiswahili, lugha isiyobagua jinsia katika viwakilishi, kinapofichua upendeleo wake. Kimeuficha katika kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na mnyambuliko huo wa kutendwa umebeba sosholojia nzima. Makeba, mwanamke, aliuimba wimbo huo pamoja na kitenzi chake cha -oa, mbele ya umati wa mataifa mbalimbali, na hakuna Mwafrika Mashariki ninayemjua aliyetaharuki. Tulisikia wimbo, hatukusikia ungamo. Wamarekani walionyeshwa jambo kama hilo mwaka 2023, mwanamume Luke Combs alipoimba upya "Fast Car" ya Tracy Chapman bila kulibadilisha neno linalomtaja nafsineni kuwa msichana. Kumbe nafsineni anaweza kuvaliwa na yeyote, mradi avaliwe kwa wimbo.

Lakini kinachonishika zaidi katika "Malaika" ni kiambishi. Kitenzi hicho kiko katika hali ya masharti, nayo ni ya -nge-. Wanasarufi wengi hutufundisha kwamba -nge- huacha mlango wazi na -ngali- huufunga. Kikwazo cha nafsineni ni fedha, na fedha hutafutwa. Kikwazo changu kimeandikwa. Ibara ya 45 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti na yake. Nikiuimba wimbo huo kwa uaminifu wa kisheria, ingenipasa nibadilishe kiambishi. Sijawahi kukibadilisha.

Wimbo wa pili ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Wimbo huu unaifanya hoja yangu iwe ngumu, na ndiyo maana nimeuchagua. Jinsia haikufichwa humo: wahusika wana mume na mke nyumbani, na tatizo lao ni la watu waliokwisha kuoa na kuolewa. Nafsi yangu haina pengo la kuingilia. Hata hivyo nimeingia, kupitia jina. Neno kosa katika Kiswahili hubeba mzigo wa aina mbili, wa kukosea na wa kuvunja sheria. Hakimu na mama mzazi hulitumia neno lilelile. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo kinachoeleza kuwa kinyume cha maumbile. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha kifungu hicho pamoja na cha 165. Jioni ya siku hiyo niliusikia wimbo huo ndani ya matatu, na magitaa yake yale yanayotembea taratibu kana kwamba hayana haraka ya kufika popote. Abiria walikuwa wakiimba. Mimi pia niliimba, na sikuwa nikiimba wimbo wao.

Hiyo, nadhani, ni namna tofauti ya upokezi na ile ya "Malaika". Katika "Malaika" msikilizaji huketi kwenye kiti kilichoachwa wazi. Katika "Sina Makosa" huiba kiti. Zote mbili ni kawaida ya masikio yote. Mjane husikia wimbo wa safari kuwa wa mazishi.

"Smalltown Boy" ya Bronski Beat, ya mwaka 1984, nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa haihitaji mhakiki. Kijana anaondoka kwao asubuhi na mzigo mdogo, kwa sababu ambayo mama yake hatailewa. Waimbaji wake hawakuificha hali yao. Mtu yeyote aliyewahi kupanda basi la usiku kutoka nyumbani anaujua wimbo huu hata kama hajui Kiingereza.

Tuirudie taarabu. Watafiti wa pwani hawakukosa kutuona huko. Gill Shepherd, katika makala yake ya mwaka 1987 kuhusu Mombasa, aliandika juu ya mashoga na nafasi yao katika jamii ya mji huo. Nami ninao ushahidi wangu mdogo. Katika arusi moja ya jamaa yangu, upande wa wanaume, mwimbaji alifikia ubeti wa kusubiri, nami nikainuka nikatuza. Niliporudi kitini, wazee waliokuwa karibu walinicheka kwa upendo. "Mwanangu, umeshikika! Ni nani huyo?" Nikasema, "Yupo, mzee." "Yu mbali?" "La, yu karibu." Alikuwa ameketi viti viwili kutoka pangu, akitazama viatu vyake. Sikusema uongo hata neno moja, na mzee hakuuliza swali lenye jinsia. Katika lugha nyingine jirani na yetu kiramani au kihistoria, mazungumzo hayo yangenilazimu ama kudanganya ama kuharibu arusi.

Lakini sitaki kuisifu lugha kupita kiasi. Sitara ina gharama. Lugha isiyomlazimu mtu kusema, humnyima pia njia nyepesi ya kusema anapotaka. Frank Ocean alihitaji silabi moja tu. Sisi tungehitaji nomino, na nomino tulizonazo ni zile nilizozitaja hapo juu, au lugha ya mashtaka. Sidhani ni sadfa kwamba wimbo wa Kenya uliolizungumzia jambo hili waziwazi, "Same Love (Remix)" wa kundi la Art Attack, uliimbwa kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba uliegemea wimbo wa Macklemore na Ryan Lewis wa mwaka 2012. Hata hivyo ungeweza kugeuzwa, kama nyimbo nyingi zinavyogeuzwa. Ulipotoka Februari 2016, Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku video yake. Filamu ya Wanuri Kahiu iliyopigwa marufuku mwaka 2018, kwa upande wake, ilichukua jina la Kiswahili, na tazameni ni neno gani: Rafiki. Kahiu ameeleza kwamba ndilo neno ambalo wapenzi wa jinsia moja nchini hulazimika kutumia wanapotambulishana mbele za watu. Ni neno la ngeli ya A-WA, lisilo na jinsia, na lisilo na penzi pia. Tumefichwa hata tukafichika sisi wenyewe.

Hili linatuhusu sisi tunaosahihisha mitihani na kuandika miongozo. Mwanafunzi akiandika kwamba nafsinenewa ni "mpenzi wa nafsineni", tusimkate alama kwa kukosa kuandika "mwanamke", isipokuwa matini yenyewe imesema. Wapo madarasani, nyuma kidogo, wanaojua tofauti hiyo vizuri kuliko mwongozo.

Kwa sasa ninajaribu kuutafsiri "Bad Religion" kwa Kiswahili, kama zoezi la kozi ya tafsiri. Nimefaulu mahali pote ila pale penye kiwakilishi. Nikiweka -m- peke yake, wimbo unakuwa wa kila mtu na siri iliyomgharimu mwimbaji inayeyuka. Nikiongeza "mwanamume yule", mshororo unarefuka na mdundo unavunjika, tena unasikika kama ushahidi mahakamani. Nimejaribu "kaka", nikaikata. Nimejaribu "mwenzangu", nikaiacha siku mbili, nikaikata pia. Rasimu iliyo mezani ina nafasi tupu mahali hapo, upana wa neno moja.