Gundi ya marumaru na ya mbao: anza na jamvi

Anayejenga Mutuka, mjini Babati, akishapaua na kupiga lipu, mara nyingi mfuko umeshatoboka, na hapo ndipo suala la gundi ya sakafu linapomkuta. Dukani anakuta mifuko ya gundi ya marumaru ya bei mbalimbali. Fundi anamwambia aachane nayo, saruji inatosha. Jirani anamshauri achukue ile ya bei kubwa kuliko zote asije akasumbuka tena. Wote wawili wanakosea mahali pamoja: wanadhani gundi peke yake ndiyo inayoshika sakafu. Gundi huja ya tatu katika hesabu. Ya kwanza ni jamvi, ya pili ni kile kinachobandikwa juu yake, na kinachoamua baina ya hivyo viwili ni maji: yaliyojificha ndani ya zege, yanayonyonywa na marumaru, na yanayoivimbisha mbao.

Saruji haishiki kwa kunata. Ikichanganywa na maji hutengeneza fuwele ndogo mno zinazopenya kwenye vinyweleo vya kitu kilicho jirani na kukomaa humo. Marumaru za kawaida za ukutani hunyonya maji yanayozidi asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo uji wa saruji unazishika vizuri. Ndiyo sababu mafundi wa zamani waliziloweka kwanza kwenye ndoo, zisije zikaufyonza uji kabla haujakomaa. Marumaru za poseleni, zile ngumu na nzito, hunyonya nusu ya asilimia au chini ya hapo. Fuwele hazina pa kuingia. Uji wa saruji hukauka chini yake ukawa kama bamba lililolala tu, na baada ya miezi kadhaa ukigonga kwa ufunguo unasikia sauti ya utupu. Kupima hakuhitaji maabara: geuza kipande, dondoshea maji mgongoni, subiri dakika chache. Yakizama, saruji ina nafasi. Yakibaki juu yanang'aa, hiyo inataka gundi.

Gundi ya mfukoni nayo ni saruji na mchanga laini, ila imeongezwa unga wa selulosi unaozuia maji yasikimbie, na unga wa polima unaonata hata pasipo na vinyweleo. Kiasi cha polima ndicho kinachotenganisha bei. Kwa vipimo vya Ulaya, ambavyo watengenezaji wengi huvichapa kwenye mfuko, daraja la C1 lazima livumilie mvuto wa kilo 5 hivi kwa kila sentimita ya mraba, na C2 mara mbili ya hapo. Herufi E maana yake gundi ikishapakwa inabaki hai kwa dakika 30 badala ya 20. S maana yake inanyumbulika kidogo sakafu inapocheza. Kwa marumaru ndogo za kawaida chumbani, C1 inatosha, na anayenunua zaidi anatupa hela. Kwa poseleni ya sentimita 60 kwa 60, au kibaraza kinachopigwa jua mchana na baridi usiku, C2 ndiyo ya kununua. Babati iko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi cha Juni hadi Oktoba upepo mkavu hukausha uso wa gundi upesi kuliko dakika zilizoandikwa. Kwa hiyo fundi asiangalie saa. Aguse gundi kwa kidole: ikimwachia rangi kidoleni, abandike, kidole kikitoka safi, uso umeshaota ngozi. Hapo aikwangue aitupe, na asijaribu kuifufua kwa kuirushia maji.

Kuna watakaosema kuwa sakafu za wazee ziliwekwa kwa saruji tupu na bado zipo. Ni kweli. Lakini vile vilikuwa vipande vidogo vinavyonyonya maji, vikalazwa juu ya tabaka nene la mchanga na saruji lililokuwa bado bichi. Ushahidi wao ni wa bidhaa nyingine. Leo viwanda vya Mkuranga na Chalinze, mkoani Pwani, vimeziweka marumaru za vipimo vikubwa karibu na mifuko ya wengi, na ukubwa wa kipande huongeza nguvu inayotaka kukibandua kingo zege linaponywea.

Pingamizi la bei ni zito zaidi. Mfuko wa kilo 25, gundi ikiwa na unene wa milimita 4, hutosha mita za mraba nne au tano tu, na sebule moja inaweza kula mifuko minne. Mafundi hukwepa gharama hiyo kwa kuweka madonge matano, manne pembeni na moja katikati, kisha wakagonga kwa nyundo ya mpira mpaka pima maji ikae sawa. Sikubaliani nayo hata kidogo. Mguu wa kabati ukitua palipo wazi kati ya madonge, marumaru inapasuka, na maji ya kudekia hujikusanya humo. Miongozo ya Marekani inadai gundi iguse angalau asilimia 80 ya mgongo wa kipande ndani ya nyumba na asilimia 95 bafuni na nje. Madonge hayafiki hapo. Kwa kweli yanatumika kuficha jamvi lisilo sawa, na gundi ni kitu ghali mno kwa kazi ya kujazia mabonde. Sawazisha kwanza kwa mchanga na saruji, kisha upake gundi nyembamba kwa mwiko wa meno, na utaona mifuko inapungua.

Mbao ni habari nyingine, na hapa ndipo maji yanapolipiza kisasi. Unyevu wa mbao ukipanda kwa asilimia 4 hivi, mbao nyingi hutanuka upana kwa takriban asilimia 1. Katika chumba cha mita 4 hizo ni sentimita 4 zinazotafuta pa kwenda, na zisipoachiwa nafasi ukutani, sakafu inainuka katikati. Gundi nyeupe ya seremala ina maji ndani yake, tena hulegea ikilowa. Nzuri kwa kiti, mbaya kwa mninga ulioshikishwa kwenye zege. Kinachofaa ni gundi ya poliurethani, isiyo na maji na inayonyumbulika. Hata hiyo haizuii unyevu unaopanda kutoka ardhini. Mji huu uko kando ya ziwa lililofurika mwaka 1990, na mvua zake huendelea hadi Mei. Jamvi lililomwagwa bila nailoni nzito chini yake linaweza kuonekana kavu Septemba na kutoa jasho Aprili.

Kipimo chake ni rahisi. Bandika kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita juu ya jamvi, ziba kingo zote kwa utepe, uache saa 16 au zaidi, na ufanye hivyo msimu wa mvua. Ukikuta matone chini yake, au zege limegeuka jeusi, usinunue gundi ya mbao ya bei yoyote. Weka marumaru kwa C2, acha nafasi ya milimita 5 hadi 10 ukutani chini ya sketi, na mninga upeleke kwenye milango.