Nani Atalisoma Jalada? Wasomi Wetu wa Sheria na Ajira ya Polisi

Kila Jeshi la Polisi linapotangaza nafasi za kazi, kamati ya msikiti wetu hapa Tongoni hupata wageni. Wengi ni vijana wa kidato cha nne na cha sita wanaotafuta mdhamini wa kumwandika katika maombi yao, au mtu wa kuwasomea tangazo kwa utulivu. Mara ya mwisho alikuja pia binti mwenye shahada ya sheria, amefuatana na baba yake. Binti alikuwa na hamu ya kuomba. Baba yake hakuwa nayo, na alitwambia waziwazi kwamba hakumsomesha sheria kwa miaka yote hiyo ili mwanawe akashike kirungu.

Wazee wa kamati waligawanyika, na hatuoni aibu kulisema hilo. Mmoja aliona kazi ya polisi haimfai mtoto wa kike aliyelelewa vyema. Mwingine alihofia rushwa. Wa tatu aliuliza swali lililotufanya tuandike makala haya: mwanasheria anafanya nini polisi, ilhali mahakamani wapo mawakili?

Anasoma jalada. Kwa maneno machache, hiyo ndiyo kazi ya mchambuzi wa sheria katika jeshi lolote la polisi. Mlalamikaji akifika kituoni, maelezo yake huandikwa na jalada hufunguliwa. Humo ndimo huingia maelezo ya mashahidi, hati ya upekuzi, orodha ya vielelezo na maelezo ya onyo ya mtuhumiwa. Mpelelezi hukusanya, na mchambuzi huuliza: kosa hili ni lipi hasa katika sheria? Ili lithibitike, yapasa kuonyeshwa mambo gani? Yapi tunayo, yapi hatuna, na haya tuliyo nayo tuliyapata kwa njia ya halali? Waliosoma fiqhi katika vyuo vyetu watatambua kwamba swali hili si geni kwao, maana mlango wa ushahidi ni miongoni mwa milango mirefu, na mzigo wa kuleta bayana u juu ya anayedai.

Tuchukue jambo la kwetu. Mtu ameibiwa mashine ya boti usiku, na anaapa kwamba amemwona mwizi na kumtambua. Kwa jirani, hilo linatosha. Kwa sheria halitoshi. Tangu mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani iliweka maswali ambayo kila hakimu huyauliza mpaka leo: shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, katika mwanga wa namna gani, na je, alikuwa akimjua kabla? Jalada lisilo na majibu ya maswali hayo ni jalada bovu, hata kama mwizi ni yuleyule. Mchambuzi makini atalirudisha siku hiyohiyo na kumwagiza mpelelezi akaulize taa ilikuwa wapi, wakati kumbukumbu za shahidi zingali mbichi. Akikosekana mtu wa namna hiyo, maswali yataulizwa mara ya kwanza mahakamani, baada ya miezi, na matokeo yake ni mwizi aliyeachiwa huku mtaa mzima ukinong'ona kwamba hakimu amehongwa. Au ni mtu asiye na hatia aliyefungwa kwa sababu alifanana na mwingine gizani.

Pwani yetu ya Tanga imeteseka miaka mingi kwa uvuvi wa baruti, na huko nako mambo ni hayohayo. Kielelezo chenyewe ni samaki, na samaki huoza. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba vielelezo vinavyooza visiteketezwe kimyakimya. Mtuhumiwa apelekwe mbele ya hakimu, asikilizwe, ndipo amri itolewe. Mahakama hiyo imesema pia, katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, kwamba kielelezo lazima kiwe na historia iliyoandikwa: nani alikikamata, nani alikipokea, kilihifadhiwa wapi, mpaka kilipofika mahakamani. Askari wa doria aliyekesha baharini hawezi kutegemewa awe na hukumu hizi zote kichwani. Yupasa awepo mtu wa kumkumbusha kabla ndoo ya samaki haijamwagwa.

Atasema msomaji kwamba kazi hiyo ni ya mawakili wa serikali. Kweli, kwa miaka mingi polisi wenyewe ndio walioendesha mashtaka katika mahakama za chini, mpelelezi na mwendesha mashtaka wakiwa chini ya mkuu mmoja. Sheria ya mwaka 2008 ilianza kuzitenganisha kazi hizo, na mwaka 2018 ikaundwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Uingereza, ambako tulirithi utaratibu huu, walifanya jambo kama hilo kwa sheria ya mwaka 1985. Lakini wakili wa serikali hulipokea jalada likiwa limekwisha kuandikwa. Wakati huo mtu amekwisha kukamatwa, nyumba imekwisha kupekuliwa, maelezo yamekwisha kuchukuliwa. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inatoa saa nne za msingi za kumhoji aliye chini ya ulinzi, na kuziongeza kuna utaratibu wake. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya saa hizo bila kufuata utaratibu yamekataliwa mara nyingi mahakamani. Hakuna wakili awezaye kuzirudisha saa zilizopita. Mtu wa kuzilinda lazima awepo kituoni saa zenyewe zinapokwenda.

Wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kusimuliwa kwa urefu yaliyowapata masheikh wa Uamsho wa Zanzibar, akiwemo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem. Walikamatwa mwaka 2014, wakashtakiwa kwa ugaidi jijini Dar es Salaam, wakakaa mahabusu takriban miaka saba, na mwezi Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akawaondolea mashtaka. Watoto waliowaacha wakinyonya waliwakuta wanasoma. Hatulitaji jambo hili ili kufukua makaburi. Tunalitaja kwa sababu familia nyingi zimejifunza kutokana nalo kuikimbia polisi, ilhali sisi tunaona funzo la kinyume chake. Katika miaka yote hiyo swali la msingi lilikuwa moja: ndani ya jalada kuna nini? Ni swali la mwanasheria, na linafaa kuulizwa wiki ya kwanza.

Marekebisho ya mwaka 2022 yamezuia kesi kufunguliwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ugaidi ni miongoni mwa makosa makubwa, kwa hiyo kinga hiyo haimfikii mshtakiwa wa aina ile. Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi taarifa yake Julai 2023, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwepo kwa chombo cha taifa cha upelelezi kilicho nje ya polisi. Vyovyote itakavyokuwa, majalada yatahitaji wasomaji.

Sasa turudi kwa vijana na masharti yao, kwani hapa ndipo penye uzito kwa familia. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, mwenye shahada huruhusiwa kuomba mpaka umri wa miaka 30, wakati wa kidato cha nne mwisho wake ni 25. Mwombaji awe hajaoa wala kuolewa, asiwe na mtoto, na awe tayari kupitia mafunzo ya awali na kupangiwa kazi popote nchini. Hesabu basi: anayemaliza kidato cha sita na miaka 20, akasoma shahada ya sheria na kisha Shule ya Sheria, anatoka akiwa na 25 au 26. Ndio umri ambao posa zinaingia nyumbani. Mzazi wa Tanga anaambiwa achague kati ya ndoa ya binti yake na kazi yake.

Kwa kijana wa miaka 18 anayekwenda kupiga kwata tunaielewa sababu. Kwa mwanasheria wa miaka 29 hatuioni. Polisi wa London wana idara ya wanasheria ambao ni raia, hawavai sare wala hawakamati mtu, na ndoa zao hazimhusu mwajiri. Tungependa Jeshi letu lipanue njia ya namna hiyo kwa kazi za uchambuzi. Kuna faida nyingine: mwanasheria mwenye cheo cha chini katika jeshi la amri atamwambiaje mkubwa wake kwamba mtu huyu aachiwe? Huu ndio wasiwasi wa kweli wa wazee wetu, nasi hatuna jibu la kuutuliza wote. Angalau iwe ni sharti kwamba maoni ya mwanasheria yaandikwe na yabaki ndani ya jalada, ili anayeyapuuza ajulikane.

Hata hivyo, masharti yaliyopo ndiyo yaliyopo, na nafasi zikitangazwa hazingoji. Ushauri wa kamati kwa baba yule ulikuwa amwache binti aombe, na ikiwa kuna posa, wachumba wazungumze mapema na kwa ukweli. Kwa vijana wengine, Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko Lushoto, mkoani kwetu, na kinatoa cheti na stashahada ya sheria. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kinafundisha shahada ya sheria pamoja na sharia.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini limewaangusha wengi: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha shule kinasema Mwanakhamis, kitambulisho cha taifa kinasema Mwanaamisi. Kurekebisha huchukua wiki, na matangazo huwa na siku chache tu. Wazazi wenye watoto walioko vyuoni wazitoe karatasi hizo sandukuni na kuzilinganisha herufi kwa herufi. Anayeona tofauti atukute msikitini baada ya sala ya Ijumaa, tumwelekeze pa kuanzia.