Kompyuta Mbili, Nyumba Moja: Folda Ifunguke kwa Wenyewe, Isiachwe Wazi kwa Wageni

Zamani kila nyumba ilikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Humo mama wa nyumba alihifadhi hati ya shamba, vyeti vya watoto, risiti za karo na picha za jamaa. Siku hizi, katika nyumba za watumishi wa umma, kuanzia Lunyo wilayani Busia hadi Tororo, nakala za vitu hivyo zimeanza kuwekwa ndani ya kompyuta. Sanduku limebadilika, lakini swali limebaki lile lile: ni nani apewe ufunguo?

Mathalani, chukulia familia ya askari polisi yenye makazi yake Lunyo. Baba yuko kituo cha mbali na huja nyumbani wakati wa likizo. Kompyuta kubwa iko sebuleni. Mama, ambaye ni mwalimu, anayo kompyuta ya mkononi anayotumia kuandalia masomo. Kijana wao anatakiwa kupeleka nakala ya cheti chake kabla ya saa kumi jioni. Cheti kimo katika kompyuta ya sebuleni, na barua ya maombi imo katika ile ya mama. Kijana anaifuata folda kwa njia ya mtandao wa nyumbani, naye anadaiwa jina na neno la siri. Anaandika tarakimu nne anazozitumia kila asubuhi kuifungua kompyuta ya sebuleni. Anakataliwa. Anarudia, anakataliwa tena.

Hapo ndipo jirani mwenye nia njema hutoa shauri baya: ondoeni maneno yote ya siri, mruhusuni kila mtu. Kweli folda itafunguka, lakini itamfungukia pia kila aliyeunganishwa na mtandao ule, awe mgeni wa chakula cha mchana au mpita njia aliyepewa neno la siri la ruta mwaka jana.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba kugawana mafaili ndani ya nyumba hakuhitaji intaneti. Ruta ikiwa na umeme, kompyuta mbili zaweza kupeana mafaili hata kama bando limekwisha. Linalotakiwa ni kompyuta zote mbili ziwe katika mtandao mmoja. Ikiwa moja imeunganishwa na ruta na nyingine na simu ya baba, hazitaonana hata zikiwekwa juu ya meza moja.

Pili, katika mipangilio ya Windows, mtandao wa nyumbani uandikishwe kuwa wa faragha, wala si wa hadhara. Ukiandikishwa kuwa wa hadhara, kompyuta hujificha, na ni vema ijifiche hivyo inapokuwa hotelini au stendi ya mabasi. Baada ya hapo, ruhusa ya kompyuta kuonekana na ruhusa ya kugawana mafaili ziwashwe kwa mtandao wa faragha peke yake.

Tatu ni lile lililomkwamisha kijana. Tarakimu za kufungulia kompyuta ni za kompyuta ile ile tu. Hazipiti katika mtandao. Linalotakiwa ni jina la akaunti iliyomo katika kompyuta yenye folda, pamoja na neno lake kamili la siri. Akaunti isiyo na neno la siri nayo kwa kawaida hukataliwa. Njia iliyo safi ni kufungua katika kompyuta ya sebuleni akaunti ya pekee kwa kazi hiyo, yenye neno refu la siri linalojulikana na wenye nyumba tu.

Nne, folda ina milango miwili. Msafiri avukaye Busia anaelewa jambo hili. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, maofisa wa Uganda na wa Kenya hufanya kazi chini ya paa moja, lakini ridhaa ya upande mmoja haifuti ya upande wa pili. Vivyo hivyo, kuna ruhusa ya kuifikia folda kwa njia ya mtandao, na kuna ruhusa ya folda yenyewe ndani ya diski. Zikitofautiana, iliyo kali zaidi ndiyo itumikayo. Watoto wapewe ruhusa ya kusoma tu. Ruhusa ya kubadili na kufuta ibaki kwa wazazi.

Ikiwa jina la kompyuta halionekani, liandikwe kwa mkono mahali pa anwani: mikwaju miwili ya kurudi nyuma, jina la kompyuta, mkwaju mmoja, kisha jina la folda. Jina likishindwa, itumike namba ya kompyuta katika mtandao. Tena ihakikishwe kwamba kompyuta yenye folda haijalala, kwa maana iliyolala haijibu hodi.

Hadhari hizi si za bure. Utaratibu wa kugawana mafaili uitwao SMB ulibuniwa katika kampuni ya IBM mwaka 1983, wakati kompyuta chache za ofisi moja ziliaminiana. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipenya katika kasoro ya toleo la kwanza la utaratibu huo, ikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilivurugikiwa na kazi. Hali Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya kasoro hiyo mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuiweka. Kwa hiyo toleo la kwanza la SMB lisiwashwe kwa ajili ya kurahisisha kazi, na masahihisho ya Windows yasipuuzwe. Anayetumia Windows 10 akumbuke kwamba masahihisho ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa familia za askari liko neno moja zaidi. Orodha za zamu, picha za kambini na barua za kikosi hazina nafasi katika folda ya nyumbani. Mali ya kazi ibaki kazini.

Mwisho, folda ya pamoja si akiba. Faili likifutwa sebuleni, limefutwa kwa wote. Nakala ya hati ya shamba na ya vyeti iwekwe pia katika diski ya pembeni, ichomolewe, ifungiwe kabatini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni moja ya kupanga ruhusa kwa utulivu ni nafuu kuliko siku moja ya kutafuta cheti kilichopotea.